Kofi la Dada, Pasi ya Kibibi

Wanasema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Uongo mtupu! Kwetu aliyemliza mwana ndiye anayelia sasa, na machozi yake hayaninyimi usingizi.

Paaa!

Kofi la dada yangu wa tumbo moja lilinikuta mlangoni, viatu bado mguuni, ukoo mzima umejaa sebuleni kwa mama.

"Nyoka wewe! Umeniletea maafisa nyumbani kwangu!"

Ngoja niwape picha, jamani. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kazi yangu ni watoto wanaoumizwa. Dada analea mtoto wa mumewe, binti wa miaka saba tunayemwita Kibibi. Juzijuzi Kibibi alikutwa na alama ya pasi pajani. Pasi nzima, ncha na yote...

"Aliikalia mwenyewe!" dada akafoka. "Mtoto mtundu yule!"

"Mbona yeye hakusema hivyo?"

"Mlimlisha maneno!"

Hapo akanichefua. Kazini kwetu mtoto haulizwi "nani kakuchoma?", wala haulizwi mbele ya mlezi wake. Unakaa naye chini, peke yenu, unamwambia: nisimulie siku ile. Kisha unafunga domo. Na kwa kuwa mtuhumiwa ni dada yangu, kesi sikuigusa. Nilimkabidhi mwenzangu.

Kibibi akamsimulia: "Mama alinishika. Akasema nikilia anarudia."

Sasa mtoto yuko kwa shangazi yake, na dada ameitwa mahakamani.

"Piga magoti umwombe dada yako radhi," mjomba akaamuru. "Mambo haya humalizwa ndani. Kesho ukaifute hiyo kesi, la sivyo huna ndugu hapa."

"Kesi si yangu, mjomba. Ni ya mtoto."

"Mtoto mwenyewe si damu yetu!" mama mdogo akadakia.

"Kwa hiyo ngozi yake haiungui?"

Dada akanisogelea, pumzi zake usoni kwangu. "Basi mtaje aliyepiga simu! Jirani yupi? Nitamng'oa meno!"

Nikatikisa kichwa. Anayetoa taarifa hatajwi, hata ukipigwa. Na simu ile niliipokea mimi mwenyewe ofisini. Mpigaji alibana pua, lakini sauti hiyo naijua tangu nabebwa mgongoni...

Mkono wa dada ukapanda tena.

"Ushushe!"

Mama! Tangu niingie hakuwa amefungua kinywa. Hata nilipozabwa kofi, alikuwa anatazama sakafu.

"Niliyepiga simu ni mimi," akasema. "Nilikuwa namwogesha mjukuu wangu, nikaliona lile paja. Nikaanza kulia. Unajua alifanya nini? Alinifunika mdomo kwa kiganja chake. Akaninong'oneza: bibi, usilie, atarudia."

Dada akaporomoka chini kama gunia, akaangua kilio.

Mjomba akakohoa. Mtu mzima hovyo! "Hata hivyo, binti, umetuaibisha. Omba radhi tu, yaishe."

Sikieni, wenzangu. Ukiona mtoto anaumizwa, sema, hata kama mkono unaomuumiza ulikulea wewe. Aibu ya ukoo haiachi kovu. Pasi inaacha.

Nikachukua mkoba wangu.

"Siombi radhi, mjomba. Si leo, si kesho. Na mkininyima mazishi, nitazikwa na majirani."