Siku Nadège Alimupakia Katsuva

— Mama Annie, utafute mutu mwingine. Huyu, hapana!

Nadège aliyasikia maneno hayo kabla hajavua hata kofia ya pikipiki. Alizima injini ya pikipiki yake ndogo ya kazi mbele ya duka, pale Mbunya, mjini Bunia, akashuka taratibu, kwa sababu mguu wake wa kushoto huwa mzito asubuhi. Aliyekuwa akisema alikuwa amempa mgongo, lakini hakuhitaji kumwona uso. Katsuva. Mwaka na nusu hajaisikia sauti ile, na sasa moyo wake, bila aibu, ukaanza kudunda.

— Bonjour, Mama Annie, alisema kwa nguvu. Bonjour, Katsuva. Huyo mutu munayemukataa ameshafika.

Katsuva akageuka. Spana ikamponyoka.

Mama Annie, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, alikuwa amesimama katikati ya pikipiki mbili mpya zilizoingia juzi kupitia Mahagi. Si zile ndogo za kubeba abiria mjini. Hizi ni pikipiki za safari ndefu: pana, za juu, tangi kama tumbo la ng'ombe, kiti cha watu wawili laini kama kochi, na masanduku ya bati nyeupe kila ubavu.

— Munisikilize, alisema Mama Annie. Kampala wananiuliza kama walete zingine kumi. Jibu ni siku ya kwanza, Jumatatu. Mi sitauzia daktari ao padiri kitu chenye sijue. Katsuva, weye ni mekanisien, fundi wa pikipiki, nimekutoa kwa machimbo ya Mongbwalu juu ya hii kazi. Nadège anapelekaka chanjo mpaka Aru kila juma. Muende mpaka njia ya Bogoro, watu wawili, masanduku yakijaa. Kama hii moto, pikipiki yenyewe, iko muzuri, muniambie. Kama iko mubaya, muniambie vilevile.

— Mama, nilishaapa. Sitamupakia Nadège tena.

— Na nani amesema utanipakia? Nadège alijibu. Mi njo nitaendesha. Weye utakaa nyuma.

Watu wa dukani wakapiga kelele za kushangilia. Katsuva alitazama chini, masikio yamemwiva.

Ngezi nzima, mtaa wao, ilijua habari yao. Walikuwa wachumba. Siku moja wakienda kwenye ubatizo, Katsuva akiendesha, Nadège nyuma na gauni lake la kijani, pikipiki ikatoka nje ya kona na kuwatupa mtaroni. Mguu wa Nadège ulivunjika mara mbili. Katsuva alikuja hospitalini siku moja tu, akasimama mlangoni, akaondoka. Kiisha simu yake haikupatikana. Watu wakasema: amemkimbia msichana atakayechechemea. Nadège alilia mpaka akachoka. Mguu ulipopona, akajifunza kuendesha mwenyewe.

Na Jumapili hii, kesho yake tu, familia ya Aimé ilikuwa inakuja kujipresenta kwa baba yake, yaani kumposa. Aimé ni mwalimu, mtu mpole, hana ubaya wowote. Nadège hakuwa amemwambia ndiyo wala hapana. Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wake:

"Chérie, nimesikia utajaribu moto kubwa ya Mama Annie. Nakuomba usipande. Niko na woga. Aimé."

Aliirudisha simu mfukoni bila kujibu, akapandisha mguu juu ya kiti.

Uzito ulimshtua. Alipoiinua kutoka kwenye chuma chake cha kuegeshea, pikipiki ililalia upande wa kushoto, na mguu ule mbovu ukaanza kutetemeka. Mikono miwili ikaidaka kwa nyuma.

— Usishindane nayo, Katsuva alisema kwa sauti ndogo. Ikisimama iko muzito. Ikitembea, utasema ni manyoya. Uiachie embrayage, klachi ya mukono wa kushoto, polepole, kidogokidogo. Uangalie mbali. Hapana chini.

— Najua kuendesha.

— Ile yako. Hii, bado.

Katsuva alisema kweli, na hilo lilimkasirisha Nadège. Mzunguko wa kwanza uani alikwangua ukuta kwa sanduku la kulia, kwa kusahau kwamba sasa yeye ni mpana. Wa pili akaukata vizuri. Wa tatu aliinua kichwa, akatazama geti badala ya gurudumu, na pikipiki ikaenda yenyewe huko macho yalikoelekea.

— Ah! alicheka bila kutaka. Inanisikia!

— Njo vile. Sasa usimame.

Katsuva alipanda nyuma kama mtu anayepanda juu ya meza ya operesheni. Hakumshika kiunoni. Alishika vyuma vya pembeni, vidole vimekakamaa.

— Uko sawa? Nadège aliuliza.

— Uende tu, kabla sijashuka.

Wakaenda. Walipoziacha nyumba za mwisho, Nadège akafungua mafuta, na injini ikaimba wimbo mnene ambao hajawahi kuusikia kwenye pikipiki yake. Vumbi jekundu lilibaki nyuma. Mashimo yaliyokuwa yakimtikisa mpaka meno, leo yalipita chini kama mikunjo ya shuka. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi aliwapungia mkono akipiga vigelegele.

— Katsuva! Unaona? Haijali mashimo!

— Usimame kwa miguu ukifika kwa mawe! Uache icheze chini yako!

Alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, na kweli pikipiki ikacheza chini yake huku yeye akibaki ametulia. Alipiga kelele ya furaha ndani ya kofia. Lakini kila kona alihisi kitu kigeni: mtu wa nyuma alikuwa anajivuta upande mwingine.

— Unapinga virage, unapinga kona! Ulale upande pamoja na mi!

— Siwezi!

— Utaweza! Mabega yangu yakienda, yako yaende!

Kona tatu alijaribu. Ya nne ilikuwa ndefu, inashuka, na Nadège aliingia vizuri. Katikati yake, pikipiki ikagoma kuendelea kukunja. Nyuma ilididimia, mbele ikawa nyepesi, na taratibu ikaanza kwenda nje, nje, nje. Mbele yao lori la mbao lilikuwa linapanda, limejaza barabara.

— Nadège!

Vidole vyake vilitaka breki. Akavizuia. Akakodolea macho pale kona inapoishia, kwenye kipande kidogo cha barabara tupu, akasukuma usukani, akalala. Na safari hii, nyuma yake, Katsuva naye akalala. Mikono yake ikamzunguka kiunoni kwa nguvu zote. Lori likapita likipiga honi, upepo wake ukiwachapa mabegani, na barabara ikanyooka.

Alisimamisha pembeni, karibu na Bogoro. Nadège alikuwa anacheka.

— Umeona? Hatukuanguka! Umeona vile imerudi?

Katsuva alishuka, akavua kofia, akapiga magoti karibu na gurudumu la nyuma. Akatoa spana mfukoni, akazungusha chuma kilichoshika springi.

— Ni amortisseur, hii springi, alisema hatimaye. Wameifunga kwa mutu moja. Siye tuko wawili na mizigo, nyuma inashuka, mbele haikamate njia. Nimeikaza. Sasa itakunja muzuri.

— Basi ni kitu kidogo. Tutamuambia Mama Annie.

— Ni kosa yangu. Nilikuwa lazima niikaze asubuhi. Macho yangu yalikuwa yanaangalia weye.

Aliendelea kuishika ile spana, hainuki.

— Nadège, ile siku ya ubatizo ilikuwa vilevile.

— Vilevile namna gani?

— Amortisseur ya moto yangu ilikuwa imekufa. Nilijua. Tangu siku ya ine, Alhamisi, nilijua. Mi ni mekanisien, singekosa kujua. Nilisema, tunachelewa, nitaitengeneza kesho. Nikakupakia.

Nadège aliacha kucheka.

— Mu mutaro uliniambia ni shimo.

— Nilikudanganya. Nilifika kwa mulango ya hospitali nikuambie. Nikakuona umelala na vile vyuma kwa muguu. Ukaniona, ukacheka na mi. Ukacheka, Nadège! Nikakosa nguvu. Nikakimbia.

— Mwaka na nusu, alisema polepole. Mwaka na nusu najiangalia mu kioo nikitembea. Nikisema amenikimbia juu ya huu muguu. Unajua vile nilijichukia?

— Haikuwa muguu. Haikuwa siku hata moja.

— Ungeniambia!

Sauti yake ilipasuka. Alipanda pikipiki, akawasha injini.

— Nadège, unaenda wapi?

— Kuendesha. Weye ubakie hapa na ukweli yako.

Akamwacha barabarani, kofia mkononi.

Aliendesha kama mtu anayegombana. Pikipiki sasa ilikuwa ngumu nyuma, imekazwa kwa watu wawili, ikamrusharusha kila penye mawe. Kidogokidogo akaanza kuielewa: asiibane kwa mikono, aishike kwa magoti, apunguze mapema, aingie polepole, atoke na nguvu. Kona moja aliipata vizuri hata akasahau kulia. Nyingine akaipata vizuri zaidi. Barabara ikafika mwisho wa mlima, na chini kabisa ziwa lote likafunguka, la buluu, na milima ya Uganda ng'ambo.

Alizima injini. Kimya kikaingia. Akagundua kwamba, katikati ya hasira yake yote, alitaka kumwonyesha mtu kona ile ya mwisho. Na mtu yule hakuwa Aimé.

Akapiga simu.

— Allô, chérie! Umeshashuka kwa ile moto?

— Bado, Aimé. Unisikilize, tafadhali. Familia yako isikuje kesho.

Nadège alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

— Ni juu ya moto?

— Hapana. Uko mutu muzuri sana. Kila siku nangojea moyo wangu uamuke juu yako, na hauamuke. Singepaswa kukuacha ungojee pamoja na mi. Unisamehe.

— Ni Katsuva?

Hakutaka kumdanganya.

— Sijue kama nitamusamehe. Lakini ni yeye.

Aimé alivuta pumzi.

— Asante juu umenipigia simu weye mwenyewe, alisema. Nitaambia mama.

Nadège alilia kidogo, kiisha akageuza pikipiki.

Alimkuta Katsuva anatembea kwa miguu kuelekea ziwani, jasho limeloanisha shati, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipomwona, akasimama katikati ya barabara.

— Nilifikiri umeanguka! Sikusikia moto tena, nikaanza kukimbia. Nadège, unitukane, unipige, chochote. Lakini usinyamaze vile.

— Unanipenda?

— Ee.

— Useme muzuri.

— Nakupenda. Mu Mongbwalu nilitengeneza pompe za maji za watu wote wa machimbo, na kila jioni nilikuandikia message, kiisha nafuta. Nakupenda, na niko na haya.

— Sikuchukii juu ya amortisseur, Nadège alisema. Nakuchukia juu ya kimya. Ukinyamaza tena hata siku moja, nitakuacha mahali mbali kuliko hapa. Unasikia?

— Nasikia.

— Na utamuambia papa. Kesho. Mbele ya watu. Hapana mi nimuambie.

Papa Vahwere, baba yake Nadège, si mtu wa kuchezewa.

— Nitamuambia.

— Basi, panda.

Akapanda. Safari hii hakushika vyuma. Kona zote za kurudi Bunia walilala pamoja na kuinuka pamoja, na wakafika kwa Mama Annie wamejaa vumbi, wakisema wote kwa wakati mmoja.

— Mama, ulete kumi!

— Lakini mufundi akaze springi kila mara mizigo inaongezeka!

— Na masanduku yako mapana, watu wajifunze kwanza mu uwanja!

Mama Annie aliwatazama mmoja kisha mwingine.

— Kumi nitaleta, alisema. Sasa mushikane mikono vizuri ao muachane. Munanichanganya macho.

Hapo ndipo walipojua kwamba bado wameshikana.

Kesho yake, baada ya misa, Katsuva alifika Ngezi na shangazi yake Bibiane, aliyekuja kumposea. Papa Vahwere aliwakaribisha viti, naye akaketi. Charlotte, dada mdogo wa Nadège, alichungulia kutoka jikoni, alikokuwa anapika sombe ya majani ya muhogo. Katsuva hakukaa.

— Muzee, kabla shangazi hajasema kitu, mi nina neno. Ile siku tulianguka, haikuwa shimo. Moto yangu ilikuwa mubaya, nilijua, na nikamupakia mutoto wako. Kiisha nikakimbia. Nimekuja kuomba musamaha. Ukinifukuza, nitaenda.

Mama Bibiane alifunika mdomo. Hakuwa ameambiwa. Nadège alishika ukingo wa mlango.

— Ile moto, Papa Vahwere alisema, ilibakia hapa mu parcelle, mu uwanja wangu, miezi mbili. Unafikiri sikuiangalia?

Katsuva aliinua kichwa.

— Papa, ulijua? Nadège aliuliza.

— Nilijua. Kama ningekuambia mi, ungebakia na hasira tu. Nilitaka yeye aseme. Nikangojea, nikangojea. Nikasema, huyu hatakuja tena. Akakuja mwalimu, kijana wa heshima, na weye kila kitu ulimujibu "tutaona". Akamgeukia Katsuva. Umechelewa sana, mutoto.

— Ndiyo, muzee.

— Sana.

— Ndiyo, muzee.

— Unakula sombe?

Katsuva akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya shangazi yake.

— Basi ukae. Charlotte! Ulete sahani za wageni. Mama Bibiane, mambo ya mbuzi ya mahari tutaongea kiisha kula.