Mshale wa Joto

Kila asubuhi kabla ya shule, Milembe aliteka maji kisimani kwa ajili ya gari. Si ya kupikia wala ya kuoga, ya gari! Baba yake, mzee Mashimba, alikuwa ameuza ng'ombe wote akanunua pikapu iliyotumika kutoka Japani, kwa sababu wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia Bariadi na pamba ilihitaji kubebwa. Rejeta ya pikapu hiyo, inayopoza injini kwa maji, ilivuja. Badala ya kuipeleka kwa fundi, baba alisema wasubiri msimu uishe. Na wakati Milembe anabeba ndoo, kaka yake Magese alikuwa bado amejifunika shuka.

Jumamosi moja hasira zilimjaa. Akaimwaga ndoo nzima kwenye mchicha wa mama.

"Mwangaluka, mayu," baba alimsalimu kwa Kisukuma akitoka ndani, akimwita mama kama mazoea yake. "Gari limekunywa?"

"Mwangaluka, baba. Limekunywa," alijibu bila kumtazama.

Walikwenda kuchukua pamba kijiji cha Mwandoya, Milembe akaishindilia kwenye magunia, na alasiri wakaanza kurudi na shehena nzito. Milembe alikaa mbele, amenuna, macho kwenye dashibodi. Geji zile alizijua, maana baba alimfundisha siku gari lilipofika. Injini ikiwa baridi, mshale wa joto hulala kwenye herufi C. Ikishapata moto, mshale hupanda mpaka katikati na kutulia hapo safari nzima. Ukikaribia H, injini inachemka, gari lisimamishwe.

Kwenye mwinuko mshale ulivuka katikati. Milembe akanyamaza. Acha lichemke, alijisemea, nalo lipate taabu. Mara mshale ukaanguka mpaka C.

"Unaona?" baba alicheka. "Limepoa lenyewe!"

Hofu ilimshika Milembe. Injini iliyobeba magunia yote yale, tena juani, ingepoaje?

"Baba, simama!"

"Nisimame kwa nini? Mshale uko chini."

"Haupaswi kuwa chini! Sikuweka maji!"

Baba akakanyaga breki. Alipofungua boneti, joto liliwapiga usoni. Ng'ombe wote wa nyumbani walikuwa wamegeuka kuwa injini ile. Ikifa, hawana kitu.

"Mwongo wewe!" baba alifoka. "Unataka tufe njaa?"

"Nimedanganya, baba, nisamehe!" Milembe alilia, kisha naye akafoka. "Lakini nimechoka! Kila siku nachelewa shule, nachapwa, Magese analala! Na fundi yupo pale pale mjini!"

Walikaa kwenye nyasi mpaka injini ilipopoa kabisa, ndipo wakafungua kifuniko cha rejeta. Pakavu. Wakaomba maji kwenye kaya ya karibu, wakajaza. Injini ikawaka. Mshale ukapanda taratibu, ukatulia katikati.

"Maji yakiisha, geji haina cha kupima," baba alisema, sauti bado kali. "Ndiyo maana mshale ulianguka, nami nikashangilia kama mjinga. Jumatatu gari linakwenda kwa fundi, na Magese ataamka. Lakini sikiliza, mayu. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ya kunidanganya hukuwa nayo. Ukinikasirikia, niambie, hata kwa kufoka kama leo. Mimi nitakusamehe. Injini haisamehe."

"Nimesikia, baba," alisema Milembe.