Milango Iliyonyamazishwa

Mkunga alikutwa Jumanne, saa nane na dakika thelathini na tano mchana, ndani ya gari lake mwenyewe, nyuma ya zahanati aliyoitumikia miaka ishirini na sita. Aliyemkuta ni mlinzi. Aligonga kioo, akaita, akagonga tena, kisha akaokota tofali. Pigo la kwanza halikufua dafu, la pili vilevile, maana vioo vya gari lile vilikuwa vya tabaka mbili. Hadi kioo kinaachia, mlinzi alikuwa analia waziwazi, na mama wa watu alikuwa ameshakata roho kwa joto.

Inspekta alifika saa tisa kasoro dakika tano. Wenzake kituoni walimwita Mama Saa, kwa sababu kabla hajamuuliza mtu jina lake humuuliza saa. Alilizunguka gari taratibu. Lilikuwa la umeme, jeupe, la miaka miwili, na milango yake haikuwa na komeo la kuvuta. Unabonyeza kitufe, umeme unafungua. Sasa skrini ilikuwa nyeusi na vitufe vimekufa. Mkunga alikuwa ameshika kiatu chake mkononi, kisigino kimevunjika. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Kwenye mfuko wa mlango wa dereva, kizulia cha chini kilikuwa kimenyanyuliwa na kutupwa kando.

Inspekta alikipiga picha kizulia, lakini hakujua kazi yake. Kosa hilo lilimtafuna baadaye.

"Ulikuwa wapi kuanzia saa sita?" alimuuliza mlinzi.

"Getini, afande."

"Getini pana kiti, na kiti kina vumbi la tangu asubuhi."

Mlinzi akaangalia viatu vyake. "Nilikwenda kulala kidogo stoo. Umeme ulikatika saa sita, jenereta ikawashwa, ikawa inanguruma ukutani pale. Hata angepiga kelele vipi, nani angemsikia? Naapa, mama, sikumsikia."

Alisema kweli. Alikuwa mvivu, si muuaji, na muuguzi wa zamu alithibitisha kuwa alimkuta stoo akikoroma. Muuguzi huyohuyo alisema mkunga alitoka saa sita na dakika kumi kwenda kuchukua miwani yake garini. Alikuwa na kadi ya kufungulia tu. Simu aliiacha ikichajiwa, na wenzake wakadhani amekwenda nyumbani kabisa.

Kituo hakikuwa na chombo cha kubeba gari la umeme, kwa hiyo waliomba lori la karakana ya kampuni iliyoliuza. Liliondoka zahanati saa tisa na robo. Kutoka pale hadi kituoni ni mwendo wa robo saa. Lilifika saa kumi na dakika tano, baada ya koplo kupiga simu kuuliza limepotelea wapi. Dereva alisema walipata pancha. Inspekta aliandika saa zote mbili, akazipigia mstari.

Saa kumi na moja jioni alikaa na mume wa marehemu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, aliyevaa shati lenye vifungo vilivyopishana.

"Mwalimu, pole sana. Lakini lazima nikuulize. Saa sita na dakika kumi na nne, simu yako iliagiza gari lijifunge. Kwa nini?"

"Kila siku naliagiza, afande. Yeye husahau. Nikiona kwenye simu halijafungwa, nalifunga. Ni mazoea tu."

"Alikuwa ndani."

"Sikujua! Na hata kama ningejua, kufunga kwa simu hakumzuii aliye ndani. Anabonyeza tu, linafunguka."

"Na umeme wa gari ukifa?"

"Kuna kamba ya dharura, chini ya kizulia cha mfuko wa mlango. Unaivuta, mlango unaachia hata bila umeme. Nilimfundisha mwenyewe. Mara tatu. Mpaka akanicheka, akasema, mwalimu, nisahihishie basi daftari nikalale."

Inspekta alitoka uani, akaingiza mkono kwenye mlango wa dereva na kuivuta ile kamba. Ikaja laini. Kitasa kikalia, mlango ukaachia. Chini ya mfuko kulikuwa na kipande cha plastiki nyeusi, kifupi kama kucha, kimekatwa sawasawa upande mmoja. Alikitia kwenye bahasha bila kujua kwa nini.

Mkuu wa kituo alifurahia kamba ile kuliko ilivyostahili. "Kamba inafanya kazi, mke alijua ilipo, na hakutoka. Basi alizuiwa. Simu ni ya mume. Majirani wamewasikia wakigombana asubuhi juu ya kuliuza gari hilo hilo. Unataka nini tena, Mama Saa? Ijumaa saa tatu nampeleka mahakamani."

"Ijumaa saa nne wanamzika mkewe."

"Atazikwa bila yeye."

Usiku ule mwalimu alilala mahabusu. Na kulikuwa na binti yake. Alikuja Jumatano asubuhi kuchukua hati ya mazishi, macho yamevimba, akapita mbele ya mahabusu bila kugeuza shingo. "Asubuhi ile nilikuwa naongea na mama kwenye simu, nikamsikia baba akimfokea," alimwambia Inspekta. "Mwacheni humo humo. Asikanyage kaburi la mama yangu."

Mwalimu alisikia kila neno. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso.

Siku hiyo hiyo, saa tano, Inspekta alipekua nyumba ya mwalimu. Mtu aliyesahihisha daftari maisha yake yote hatupi karatasi, na malalamiko ya gari yalikuwa kwenye jalada moja, yamepangwa kwa tarehe. Boneti ina mwanya. Rangi inabanduka. Mara mbili taa ya betri ndogo, ile inayoendesha vitufe vya milango, iliwaka njano. Mara nne milango inagonga njiani mpaka hawasikilizani. Chini ya kila lalamiko karakana iliandika jibu lile lile: Mteja ameelimishwa. Mwalimu alikuwa amelipigia mstari mwekundu kila moja, na pembeni ya mojawapo ameandika, *Nimeelimishwa nini?*

Lalamiko la nne la kelele tu ndilo lililopata jibu jingine: *Kelele za milango minne zimeondolewa. Dakika ishirini na nne.* Mstari mwekundu haukuwepo. Pembeni aliandika *Ahsante.*

Inspekta aligawanya. Dakika sita kwa kila mlango. Kaka yake ni fundi wa magari, na alipompigia simu alicheka. "Dakika sita? Kufungua bati la ndani tu ni nusu saa, dada. Huyo hakufungua kitu. Aliingiza mkono mahali."

Alhamisi saa nne asubuhi alikwenda kwenye chumba cha mauzo cha kampuni, akajifanya mnunuzi. Muuzaji, kijana mchangamfu wa tai, alimketisha kwenye gari jipya la aina ile ile. Inspekta akafunga mlango kwa nguvu. Ndani ya milango yote minne kitu kikalia: kwa-kwa-kwa.

La mkunga, alipolifunga juzi uani, lililia mlango wa dereva tu; mingine mitatu ilikuwa kimya.

"Nini hicho kinachogonga?"

"Aa, usijali, mama. Ni kamba ya dharura, inapigapiga bati. Yote yako hivyo. Ukishanunua, fundi mkuu anayatuliza."

Alirudi kituoni karibu akimbie. Alifungua mfuko wa mlango wa nyuma wa gari la marehemu, akanyanyua kizulia, akaishika kamba na kuvuta. Haikusogea. Alivuta kwa mikono miwili, akauweka mguu kwenye kizingiti, akavuta mpaka kiganja kikachanika. Kamba ilikuwa imebanwa kwenye chuma kwa kipande cha plastiki nyeusi cha kufungia nyaya. Mlango wa nyuma wa pili, vilevile. Wa abiria wa mbele, vilevile. Wa dereva peke yake ndio uliokuwa huru.

Aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii alilia saa za kazi.

Saa kumi jioni alisimama na koplo katikati ya karakana. Fundi mkuu alikuwa mtu safi, wa makamo, mikono imesuguliwa kwa sabuni mpaka imepauka. Ukutani nyuma yake palikuwa na cheti cha kumsifu kwa kupunguza malalamiko.

"Jumanne lori lako lilitumia dakika hamsini kwa mwendo wa robo saa," Inspekta alisema. "Pancha ilikuwa gurudumu lipi?"

"La nyuma… la kushoto."

"Dereva wako amesema la mbele. Nimemuuliza sasa hivi, hapo nje. Hiki ni cha nani?" Akamwaga kipande cha plastiki mezani. Pembeni yake akaweka kingine kizima, alichokikata kwenye mlango wa nyuma.

Fundi mkuu alivitazama. Hakukimbia wala hakufoka. Alivuta stuli akakaa kama mtu aliyechoka tangu mwaka jana.

"Lori lilipopitia hapa, nilitaka kuvikata vyote vinne," alisema. "Nikakata kimoja, koplo wako akapiga simu."

"Ukamwachia mwalimu kesi ya mauaji."

"Nilijua mtamwachia huru. Nilijua hana kosa."

"Kwa nini ulizifunga?"

"Gari likirudi mara tatu kwa kelele, makao makuu wananishusha. Niliwaandikia mara kumi na moja, mama. Naomba mpira wa kushikilia ile kamba, kitu kidogo hivi. Wakajibu malalamiko hayatoshi. Sasa yatatosha vipi, na wao ndio waliotuagiza tuandike 'mteja ameelimishwa' na kuyafunga?" Akapangusa uso. "Ndipo nikabuni hiyo. Dakika sita, kimya kabisa. Wateja wakanishukuru. Wakanipa cheti. Nilisema betri haziwezi kufa. Nikajiambia hivyo kila siku."

"Magari mangapi?"

"Sitini na mbili."

Koplo alimtia pingu. Inspekta akamgeukia meneja, aliyekuwa amejitokeza na mwanasheria. Alitaka orodha ya wenye magari, pale pale. Mwanasheria alisema kwa upole kwamba majina ya wateja ni siri ya kampuni, aje na amri ya mahakama. Mahakama ilikuwa imefungwa saa tisa na nusu. Alimpigia mkuu wa kituo. Mkuu akasema kusimamisha magari barabarani si kazi yao, iandikwe barua wizarani. Aliipigia wizara, simu iliita mpaka ikakatika. Nje ya geti, gari jeupe la aina ile ile lilipita likiwa na watoto wawili kiti cha nyuma. Inspekta alikimbia nalo hatua chache akipunga mikono. Dereva alimpungia pia, akatabasamu, akaenda zake.

Ijumaa saa mbili asubuhi alifungua mlango wa mahabusu. Binti alikuwa nyuma yake, kabeba suti nyeusi ya baba yake. Inspekta alikuwa amemweleza yote usiku kwa simu.

"Uko huru, mwalimu. Aliyefanya amekiri."

Binti alipiga magoti. "Nisamehe, baba. Nilisema maneno mabaya. Nisamehe."

"Inuka, mwanangu." Hakumtazama. Alikuwa akimtazama Inspekta. "Aliyefanya alifanya nini hasa?"

Inspekta alimweleza: kamba, kelele, kipande cha plastiki, dakika sita. Alijaribu kupita haraka juu ya jalada, lakini mwalimu wa hesabu hapigwi chenga kwenye hesabu.

"Lalamiko la nne," alisema. "Mke wangu alisema tuiache, kelele haiui mtu. Mimi ndiye niliyelirudisha. Mara nne, afande. Niling'ang'ania mimi."

"Hukujua."

"Niliandika ahsante."

Binti alishika mkono wa baba yake. Ulikuwa baridi, haukumshika.

"Niambie kitu kimoja," mwalimu alisema. "Alivuta kamba?"

Miaka yote Inspekta hakuwahi kushindwa kujibu swali la ukweli. Sasa alitafuta uongo wowote wa kumsaidia, akaambulia patupu.

"Alivuta," alisema.

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali jibu la mwanafunzi. Kisha akarudi ndani ya mahabusu, akaketi kwenye benchi, na kuwaomba wafunge mlango. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Walimsihi mpaka saa nne, saa ya mazishi, binti kwa machozi, Inspekta kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na hakuinuka.