Sanduku la Nguo za Baridi

Kila Jumatano asubuhi Wiam alifuatana na bibi yake, Bi Fawziya, kwenye soko la wanawake la mji wao wa Ibra. Siku hiyo wanaume hawaingii. Baba yake Wiam huwashusha nje, kisha huenda zake kunywa chai. Ndani kuna udi, wanja, vitambaa na maneno, na maneno ndiyo yanayouzika kuliko vyote.

"Shikamoo, Bi Zuwena," Wiam alimwamkia rafiki wa bibi yake, aliyekuwa akiuza vitambaa.

"Marahaba, mwanangu. Haya, skuli umemaliza. Na ile safari ni ya wapi tena?"

Kabla Wiam hajafungua kinywa, bibi yake alikwishajibu. "Ulaya! Kwenye chuo kikubwa cha udaktari, jina lake dunia nzima inalijua. Hebu nipe na soksi hizo za sufu. Huko kuna barafu."

Joto la Ibra lilikuwa linachoma nyayo, na Bi Fawziya ananunua soksi za sufu! Wiam alitaka kucheka, lakini alizipokea tu, akazikunja. Ukweli ni kwamba hakutaka kwenda Ulaya. Alama zake zilikuwa nzuri, na kama angekiweka chuo hicho juu kwenye orodha ya maombi yake, huenda angepelekwa. Lakini moyo wake ulikuwa Nizwa, mji wa humo humo nchini mwao, kwenye chuo kipya cha udaktari ambacho bado hakina jina kubwa. Alikitembelea pamoja na wenzake wa skuli, akawaona wanafunzi wa mwaka wa pili wakizungumza na wagonjwa wodini, na mwalimu akimwita kila mmoja kwa jina lake. Alirudi nyumbani akijua anachokitaka.

Bibi alipoitangaza habari ya Ulaya mara ya kwanza, Wiam alinyamaza ili asimwaibishe mbele ya watu. Bi Zuwena alikuwa na mjukuu anayesoma London, na Bi Fawziya alichoka kusikia sifa zake. Basi kimya kile kikazaa sanduku la nguo za baridi. Kila Jumatano kiliingia kitu: shali nzito, glavu, kofia ya kufunika masikio, blanketi lililofumwa na wanawake wa mji wa Bidiyah. Na kadiri sanduku lilivyojaa, ndivyo Wiam alivyozidi kushindwa kusema. Kesho yake, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupanga vyuo mtandaoni.

Kutoka sokoni walikwenda hospitali, Bi Fawziya akapimwe presha. Daktari wake, Ahlam, alizaliwa na wazee waliotoka Pemba, na wagonjwa wazee aliwasikiliza kwa Kiswahili. Kwa hiyo walimweleza maradhi yao pamoja na habari za majirani.

"Daktari, mpe hongera mjukuu wangu," alisema Bi Fawziya, mkono ukiwa bado umefungwa kipimo. "Anakwenda Ulaya."

Daktari Ahlam alimtazama Wiam kwa mshangao. "Mabruk! Lakini juzi ulipokuja kuniuliza habari za Nizwa, ulisema umeshaamua. Umebadilisha?"

Maskini, daktari hakuwa na nia mbaya. Kama Wiam angejibu ndiyo, angetoka pale salama. Lakini baada ya miezi michache angekuwa peke yake kwenye baridi ya ugenini, akisoma mahali asipopataka.

"Sijabadilisha," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nataka Nizwa. Nilitaka tangu mwanzo. Nisamehe, Bibi."

"Wallahi! Na mie najaza sanduku?" alisema Bi Fawziya. "Mbona hukunambia?"

"Niliogopa utaona aibu mbele ya Bi Zuwena."

Bibi aliumia, wala hakuficha. Kisha akamgeukia daktari. "Hebu nambie kweli. Hicho cha Nizwa si cha waliokosa kwengine?"

"La, Bibi. Chuo chenye jina kubwa kinamfaa anayekitaka. Huyu nilimwambia asitazame jina tu. Aulize nani atamfundisha, na lini ataanza kukutana na wagonjwa. Akaenda, akauliza mwenyewe. Wengi hawaulizi."

"Na wewe ulisoma wapi?"

Daktari Ahlam alicheka. "Miaka yote hii nakutibu, leo ndiyo unaniuliza?"

Bi Fawziya aliangua kicheko mpaka daktari akamwomba atulie ampime upya. Wiam alicheka naye. Mzigo wa wiki nyingi ulimtoka kifuani.

Asubuhi yake Wiam aliiweka Nizwa juu kabisa ya orodha, bibi akiwa ameketi ubavuni na miwani puani, akihakikisha. Jumatano iliyofuata Bi Fawziya aliingia sokoni kwa sauti ile ile.

"Zuwena! Ile habari ya Ulaya nimeitunga mie, mtoto hakusema. Yeye kachagua Nizwa."

"Alhamdulillahi," alijibu Bi Zuwena. "Wako utamwona kila mwisho wa wiki. Wangu namwona kwenye simu tu."

Bi Fawziya alimshika mkono rafiki yake, na siku hiyo hawakushindana tena.

Majibu yalipotoka, Wiam alikuwa amepata Nizwa. Siku ya kuondoka alilikuta sanduku limesimama mlangoni, limejaa vile vile.

"Bibi! Nizwa kuna joto kama hapa."

"Safari hii nimeuliza," alisema bibi. "Nimeambiwa bweni lenu viyoyozi havizimwi. Utavaa."

Wiam alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bibi akamshika kidevu.

"Sikiliza, mwanangu. Chuo umechagua kwa akili. Mie nilitaka jina la kujisifia, na hilo kosa langu. Lako ni kunyamaza. Ungenambia kweli siku ya shali ya kwanza, ningeumia kidogo, yakaisha. Ulingoja mpaka sanduku limejaa. Mgonjwa wako usije kumfanyia hivyo hata siku moja."

"Sitamfanyia, Bibi," alisema Wiam, akaliburura sanduku mpaka garini.