Bwawa la Ndugu Walionuniana

Jamani, kaeni vizuri, maana hili nimeliona kwa macho yangu na bado siliamini: bwawa lenye wenyewe wawili lilitaka kumzika mama yao kwa kukosa mwenyewe.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Mvua ya siku tatu imekatika, bata wanaelea, na mama anachambua mboga barazani kwake, chini kidogo ya ukuta wa udongo ulioshikilia maji. Marehemu mumewe aliushindilia ukuta ule kwa mikono, akawaachia bwawa watoto wake wawili, dada anayelima nyanya na kaka anayelima maharage. Mimi jirani yao nilikuwa na simu yangu, napiga picha bata.

Sasa sikieni walivyoishi. Siku ya kumwagilia, kila mtu bwawa ni lake. Siku ya kufyeka vichaka ukutani na kuziba mashimo ya panya, eti kamuulize mwenzangu. Mzee aliacha mfereji pembeni wa kutolea maji yakizidi. Kaka akauziba kwa viroba vya mchanga ili bwawa lijae zaidi. Dada akaviona, akanyamaza, kwa sababu walinuniana tangu kiangazi. Watu wazima hao, wana watoto.

Basi kwenye picha yangu nikaona kitu. Chini ya ukuta maji yanachuruzika, rangi ya chai ya maziwa. Maji ya tope, ndugu zangu, maana yake ukuta unaliwa kwa ndani. Nikatoka mbio hadi kwenye nyanya, nikamweleza dada.

"Kamwambie mwenye bwawa," dada akasema, hata hakuinuka.

"Mwenye bwawa ni nani, dada? Mama yuko pale chini."

Jembe likaanguka. Tulimkuta kaka ukutani, ameshaona. Hakuna aliyeuliza nani alianza. Dada akaingia mferejini kung'oa viroba, kaka akashuka kumbeba mama mgongoni. Mama akalalamika njia nzima kwamba mboga hazijaisha, na kwamba mtoto aliyemlea kwa uji mzito anatembea kama mgonjwa.

Wamefika tu mwinukoni, ukuta ukameguka. Jiko likaenda, baraza likaenda. Nyumba ilipona kwa sababu mfereji ulikuwa umeshapunguza maji.

Mama akawashika mikono, mmoja huku, mmoja kule.

"Baba yenu hakuwaachia maji," akasema taratibu. "Maji ni ya Mungu. Aliwaachia ukuta."

Wakalia wote wawili, na mimi nikaizima simu.

FUNZO

Ukimiliki bwawa, miliki na ukuta wake. Fyeka, ziba mashimo, njia ya maji ya ziada usiiguse. Ukiona tope linatoka chini, ondoa watu kwanza. Na kama mko wengi, semeni leo nani anakagua.

Sasa niambie wewe. Hujaongea na kaka yako tangu kiangazi, halafu unaona viroba mferejini. Ungemfuata, au ungesubiri aanze yeye?