Moto Tulioukuta Mafigani

Tulifika kwenye nyumba yetu jioni, manyunyu yakianguka, na punda wa kuazima ameshagoma njiani hadi tukamsukuma. Nilikuwa na mimba kubwa. Kichwani nilibeba kikapu cha vyombo, mkononi kuku, na miguu ilikuwa imevimba hata raba zikanishinda, nikatembea peku. Mume wangu Inosenti alitangulia na godoro. Tulichoka uchovu ule wa kwenye mifupa, ambao hata mtu akikuletea habari njema unamwambia asubiri kwanza ukae.

Na hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya furaha. Nyumba yetu ya kwanza.

Tangu tuoane tuliishi Karatu mjini kwa kaka yake Inosenti, chumba cha uani. Walikuwa watu wema. Lakini kwetu sisi Wambulu mwanamke hazai kwenye nyumba ya watu. Ni mwiko mkubwa, na mke wa kaka yake alianza kuniuliza kwa upole kama tumeshapata pahali. Kila tumbo lilipokua, upole wake ulipungua. Inosenti alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa, na miaka ile ya themanini mwanzoni hata mwenye fedha hakuwa na cha kununua. Bati hakuna, misumari hakuna, kiberiti chenyewe mpaka upange foleni. Kujenga tulikuwa tunakuota tu.

Hapo akatokea Hhando, mtu wa Mbulu. Alikuwa anauza nyumba ya kaka yake, tembe la paa la udongo lililokuwa juu kwenye mteremko, karibu na msitu wa Ngorongoro. Shamba lipo, zizi lipo, maji yapo bondeni. Alitaka mtamba mmoja na baiskeli, basi. Mtamba nilikuwa nao, zawadi ya baba. Baiskeli ilikuwa ya Inosenti, na aliipenda kuliko anavyokubali. Rahisi ghali, wahenga walishasema, na sisi tuliijua methali hiyo kama kila mtu. Lakini mwenye shida husikiliza methali kwa sikio moja. Niliuliza swali moja tu, mbona nyumba iko tupu. Hhando akajibu kwamba kaka yake alikwenda kwenye mashamba ya ngano kule Hanang na hakurudi. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndivyo wanavyofanya waongo wazuri.

Basi tukasukuma mlango.

Ndani giza. Harufu ya majivu mabichi, na ndani yake harufu nyingine, ya maziwa yaliyochacha. Inosenti akapapasa mifuko. Kiberiti hana.

Desturi inajulikana. Mgeni akihamia, huchukua kigae akaenda kwa jirani kuomba moto. Ndivyo unavyojulishwa kwa watu, na ndivyo watu wanavyokukubali. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya kibonde, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha sawasawa. Inosenti akaitazama mvua, akanitazama mimi.

Ndipo nikaona wekundu kati ya mafiga.

Kaa la moto... chini ya majivu. Lingali hai.

Inosenti alisema Hhando ametuachia moto wa kutukaribisha. Nilimwombea Hhando baraka, nakumbuka vizuri, tena kwa sauti. Nikapiga magoti nikapuliza. Moto ukashika palepale. Tukala viazi, tukalala kama mizigo.

Asubuhi nilifagia uwanja nikapika kande nyingi, maana majirani lazima waje kuwaona wageni. Hakuja mtu. Kesho yake vilevile. Kisimani wanawake walinipisha nichote mimi kwanza, halafu wakasubiri mbali mpaka niondoke. Waliniitikia salamu, hawakununa, hawakunisengenya mbele yangu. Lakini hakuna aliyenigusa mkono. Nilijiambia ni ugeni tu. Inosenti aliondoka alfajiri na kurudi usiku, akala, akalala hapohapo alipokula. Mchana kutwa nilizungumza na kuku.

Ndiyo sababu yule mwanamke alipokuja, nilifurahi.

Ilikuwa magharibi, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Nilisikia kwanza sauti nje ya mlango.

Pu... pu... pu...

Sauti ya kiganja juu ya kitenge, mama anapombembeleza mtoto mgongoni. Nikachungulia. Mwanamke amesimama nje ya kizingiti, amejitanda kichwa, mkono mmoja nyuma anapigapiga, wa pili ameunyoosha na kigae.

"Naomba moto," alinong'ona.

Machozi yalinitoka kwa furaha. Jirani wa kwanza! Nikamwekea kaa zuri, nikamkaribisha ndani apumzike.

"Siruhusiwi," akasema.

Akageuka, akaingia kwenye ukungu.

Alikuja kila magharibi. Daima kigae, daima ile harufu ya maziwa yaliyochacha, daima pu... pu... pu... Sikuwahi kumsikia mtoto akilia. Nikawaza, ana bahati huyu, mtoto mpole hivi. Jioni moja aligeuka kuondoka kabla ukungu haujafika mlangoni, nikauona mgongo wake vizuri.

Kitenge kilikuwa kimefungwa sawasawa. Kilikuwa kimelala bapa mgongoni.

Hakikuwa na kitu ndani.

Nilimwambia Inosenti. Alikuwa anavua viatu, akabaki na kimoja mkononi. Akasema labda ni mtu aliyefiwa akachanganyikiwa, na anayeomba moto hanyimwi. Halafu akalala. Sikumlaumu. Mtu aliyebeba magunia mchana kutwa hana nguvu za kuogopa.

Ila siku ya mnada alikutana na Hhando, akamshukuru kwa ule moto. Hhando akasema yeye hajaikanyaga nyumba ile tangu mwaka wa Operesheni Vijiji. Kisha akamswaga ng'ombe wake, akaondoka bila kuaga. Tangu operesheni! Mimi nilipokuwa bado msichana wa shule.

Kulipokucha nilivuka kibonde kwenda kwa Marsela, yule jirani wa ng'ambo, mjane wa makamo mwenye sauti kubwa. Aliniona nakuja, akatoka mbio hadi kwenye ua wake wa manyara.

"Simama hapohapo, mwanangu. Usivuke."

Nikasimama na tumbo langu. Akanieleza yote kutoka ng'ambo ya ua.

Kwenye nyumba ile aliishi Antonia, mke wa kaka yake Hhando. Alifiwa na mtoto mchanga, hata jina alikuwa hajapewa. Kwetu mtu akipatwa na msiba wa namna hiyo, nyumba yake hukaa metimani. Yaani hukaa peke yake. Haendi kwa mtu, mtu haendi kwake, hapewi moto wala hatoi moto, mpaka miezi itimie na wazee waje kuufunga msiba, waumwage moto wa zamani na kuleta mpya. Mume wa Antonia hakuyaweza, akatoroka. Mwanamke akabaki. Na kabla miezi haijatimia, malori yakaja kuwahamishia watu wote kijiji kipya. Kila mtu alibeba chake akapanda.

"Nani alikwenda kumwambia Antonia?" niliuliza.

Marsela alivunja kijiti cha manyara, akakitupa. Akasema ilikuwa mwiko kwenda. Kila mmoja alidhani mwenye mamlaka atakwenda. Miaka baadaye, waliporudi kwenye mashamba yao ya zamani, hakuna aliyeingia kutazama mle ndani kuna nini.

"Tulikuwa tunaona moshi," akasema. "Kila siku, juu ya paa. Tulipoona mmehamia na moshi ni uleule, tukajua mmeuwasha kwa moto wake. Mmeuchukua msiba."

Nikamwambia nitaumwagia maji, siku hiyohiyo. Akatikisa kichwa.

"Msiba hauzimwi, mwanangu. Msiba unakaliwa. Usipokaliwa utajitafutia mwenyewe." Akalitazama tumbo langu, akayaondoa macho haraka.

Niliogopa hapo. Si kuogopa kwa kushtuka. Niliogopa polepole, kuanzia tumboni, nikajua kwamba kinachotakiwa kiko ndani yangu.

Tungehama, lakini twende wapi? Kwa kaka yake Inosenti sikuruhusiwa kuzaa hata kabla ya haya. Mtamba umekwenda, baiskeli imekwenda. Wazee wakatuma neno kupitia kwa Marsela, likipigiwa kelele toka ng'ambo. Tuikae metimani iliyobaki, mimi na mume wangu, kwa niaba ya Antonia. Ikitimia watakuja kuifunga, na tutakuwa watu kama watu wengine. Inosenti alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Tukae," akasema. "Nimechoka kuhama."

Tukakaa. Kumwombolezea mtoto wa watu, huku wako akikupiga mateke ubavuni, ni kazi isiyo na mfano. Nilijifungua humo ndani, Inosenti peke yake amenishika, na wanawake wa kijiji wamejipanga nje ya ua wetu wakimpigia kelele afanye nini. Kata hapa, funga pale, mfute pua, mpe titi. Sauti ya Marsela ilikuwa juu ya zote. Mtoto akalia. Wa kiume, mzima. Nikawasikia wakishangilia kule nje, kisha wakatawanyika, kila mtu kwake.

Tulimpa jina sisi wawili, jioni, kwa kunong'ona. Hakuna aliyekuja kuliuliza.

Antonia hakuacha kuja. Niliendelea kumpa moto, maana kumnyima nilishindwa. Lakini sasa hakulitazama tena kaa la moto. Alitazama nyuma ya bega langu, pale kwenye ngozi alipolala mwanangu. Nilijifunza kusimama nimeujaza mlango. Usiku nililala mkono wangu juu ya kifua cha mtoto, nikisikiliza pumzi yake ikipanda na kushuka, na siku zikawa hivyo, sijui nilikuwa nalala au naamka. Maziwa yangu yakapungua. Inosenti akakonda. Tukawa tunagombana kwa sababu ya chumvi.

Hatimaye Marsela akapaza sauti toka kwake. Kesho wazee wanakuja. Kesho!

Jioni ile nilikuwa nimekaa kizingitini na mtoto mgongoni, nampigapiga asinzie, na mimi mwenyewe macho yananifumba. Sikumsikia akifika. Nilihisi tu harufu. Alikuwa amesimama karibu kuliko siku zote, na hakuwa na kigae.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Kwa upole tu. Kama jirani yeyote.

Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza. Wala bibi yake, wala shangazi, wala mtu wa kupita njia. Mtoto alikuwa mzuri, ana macho makubwa, na nilikuwa na hamu ya kumtaja mbele ya mtu. Nilichoka. Nikamtajia jina lake.

Alilirudia kwa sauti ya chini. Akalirudia tena, taratibu. Akatabasamu, nikaona alikuwa mdogo kuliko mimi. Kisha akaondoka, na kwa mara ya kwanza aliondoka mikono mitupu.

Asubuhi walikuja kweli. Walitunyoa nywele, wakayabeba majivu kwenda kuyamwaga mbali, wakayageuza mafiga, na Marsela mwenyewe akaingia na moto wa kwake kwenye kigae. Nyumba ikajaa. Watu walinishika mikono yote miwili, nikalia kama mtoto. Pombe ilikuwepo, kande zilikuwepo, jua lilikuwa linawaka. Sijawahi kuipenda nyumba kama nilivyoipenda ile saa.

Marsela alimtoa mtoto mgongoni kwangu, akampakata.

"Haya, na huyu bwana mkubwa jina lake nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mtu aliita toka bondeni.

Aliita jina lile. Mara moja, kwa sauti nyororo, iliyonyooka.

Inosenti alishika ukuta. Na mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa bado laini, aligeuza kichwa taratibu akatazama mlangoni.

Marsela alininong'oneza sikioni. "Ulimwambia nani?"

Jumapili iliyofuata tulimpeleka kubatizwa kwa jina jingine. Martini. Ndilo lililoko kanisani, ndilo aliloandikiwa shuleni, na yeye mwenyewe halijui lingine. Lile la kwanza mimi na baba yake hatujalitamka tena, na sitalitamka hapa. Hakufa. Msiba ulifungwa, wazee walisema, na hakuna mwanamke aliyekuja tena kuomba moto. Martini amekua, ana nguvu, analima shamba lilelile. Ila tangu utotoni ana kitabia kimoja. Ukungu ukipanda magharibi, huacha anachofanya, husimama, hugeukia bondeni. Nikimuuliza husema amesikia kama anaitwa, lakini si kwa jina lake. Nimemkataza asiitike. Miaka yote hii amenitii.

Juzi alitoka kupalilia, jua limemchosha, akajitupa kizingitini na kufumba macho. Ukungu ukaja. Nilikuwa jikoni naonja mboga.

Nikamsikia akiitika.