Barafu Ndani ya Blanketi

Kila asubuhi Mama alitoka na beseni la barafu kichwani, ndoo ya juisi mkononi, na miguu iliyochoka hata kabla ya safari. Aliuza juisi baridi kwenye gereji, mwendo mrefu kutoka nyumbani. Jua likipanda, barafu yote huwa imegeuka maji, na mafundi huanza maneno yao.

"Mama, leo umetuletea juisi au chai?"

Basi Mama hurudi mpaka dukani kuchukua barafu nyingine, kisha huenda tena gereji. Jioni hufika nyumbani miguu imevimba kama mito ya kulalia.

"Nitaiacha biashara hii," alisema Jumamosi moja. "Safari mbili siziwezi tena. Ila nikiiacha, sijui tutakula nini."

Binti yake wa darasa la sita alikuwa akimkanda miguu. "Mama, kwa nini usiifunike barafu kwa blanketi?"

Shangazi, aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni mchana kweupe, alicheka hadi akakohoa.

"Mtoto wewe! Blanketi lina joto. Ukiivika barafu, itatoka jasho ife! Barafu inataka kupumua, ndiyo maana tunaibeba wazi. Bibi yako aliibeba hivyo, akafika na pande kubwa kuliko alilotoka nalo!"

"Wifi, hapo umetia chumvi," Mama alisema, macho ameyafumba.

"Lakini Shangazi," binti alisema, "leo asubuhi nilipokutandikia kitanda, blanketi lilikuwa baridi kama sakafu. Kama lina joto lake, lilikuwa limekwenda wapi?"

Shangazi alilivua blanketi, akamtupia. "Haya, jaribu. Likilowa, utalifua mwenyewe."

Binti alileta barafu mbili zilizolingana ukubwa, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Moja aliiweka wazi kwenye bakuli. Nyingine aliizungushia blanketi mara kadhaa. Zote mbili akaziacha mezani, mbali na jua. Shangazi alivuta kiti akakaa kulinda, asije akaibiwa ushindi wake. Mama alisinzia palepale alipokaa.

Alasiri, ule mfuko wa kwenye bakuli ulikuwa umejaa maji, na kipande kidogo kama sabuni inayokwisha kikielea ndani. Shangazi akalikunjua blanketi kwa pupa. Barafu ilikuwa bado pande zima, imeyeyuka pembeni tu.

"Ala! Inauma vidole!"

"Blanketi halitengenezi joto, Shangazi. Linazuia joto lisipite. Kwako, joto la mwili halitoki. Kwa barafu, joto la nje haliingii upesi."

Jumatatu Mama alikwenda gereji na barafu iliyofungwa kwenye blanketi la Shangazi, ambaye alibaki nyumbani na sweta mbili. Mafundi walikunywa juisi baridi mpaka ndoo ikakauka. Mama alirudi mapema, amechoka bado, lakini kwa uchovu wa safari moja. Hakutaja tena kuacha biashara.

Shangazi alimketisha binti karibu naye.

"Miaka yote nimelisema jambo hili kwa sauti kubwa, na sikuwahi kulijaribu hata mara moja. Aliyeumia ni mama yako. Wakubwa tuheshimu, mwanangu, lakini tunachosema kipime kwanza. Na ukikuta tumekosea, tuambie kwa adabu, kama ulivyoniambia mimi."

"Wifi," Mama aliita kutoka chumbani, "maneno mazuri, ila punguza sauti. Nataka kulala."